Ijumaa Nitasoma kwa Sauti

Papa,

Sasa nafanya kazi katika ukumbi uleule walimokufukuza. Hukuishi kuliona hilo. Asubuhi ni mimi ninayefungua madirisha ya ukumbi ambamo magavana wa dola ya Waingereza walikuwa wakicheza dansi, kabla jumba lao halijafanywa maktaba ya taifa.

Na yule aliyekufukuza bado ndiye mkuu wa ukumbi. Hanikumbuki. Ananisifu mbele ya wageni: "Binti huyu hasikiki hata akitembea." Natabasamu, Papa. Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Wewe ulikuwa msomaji wa kanisa letu pale mtaani Jeppestown. Hukujua kusoma bila kuchezesha midomo. Jumamosi ile ulifunga cherehani mapema, ukanileta, ukapata kitabu cha Kiswahili kilichochapwa kwetu Bukavu, ukafurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Ulinong'ona tu. Yeye akaja, akasimama mbele yako: "Mzee, hapa si kanisa lenu la Wakongo. Nenda kawasomee watu kwenye foleni ya teksi." Wasomaji wengine wakacheka. Nawe ukavua miwani, ukakubali, "Sharp, bosi," ukacheka pamoja nao. Kicheko chako kile ndicho ambacho sijamsamehe.

Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, ukaniambia, "Mama, wewe jifunze kusoma kwa macho tu." Jumapili ukamwambia mchungaji koo linakuuma. Likakuuma hadi ulipokufa. Hatukukusikia ukisoma tena, hata kadi ya harusi ya dada Furaha.

Ijumaa anastaafu. Mke wake atakuja, na wanawe. Watatundika picha yake ukutani, na mimi nimeombwa nisome hotuba ya kumuaga, kwa sababu eti nina adabu. Nimeiandika, wameipitisha. Sitaisoma hiyo. Nitasoma maneno aliyokuambia, yote, nitaje na jina lako, halafu nimtazame wakati wanawe wanamtazama. Nataka ajaribu kucheka. Nataka ajue mtu anavyokuwa akidhalilishwa huku mtoto wake ameketi pembeni.

Furaha anasema watanifukuza. Eish, wanifukuze.

Pumzika, Papa. Najua ungenivuta mkono, useme yamepita, tuondoke. Maisha yako yote ulitukalisha chini hivyo. Ijumaa hutakuwepo kunivuta, na mimi sitakaa chini.

Mwanao,
Neema