Ndama wa Waridi na Sanduku la Bati

Baba Lynn,

Chai iko kwenye chupa. Ng'ombe apewe maji ya uvuguvugu, na asikamuliwe mpaka daktari wa mifugo afike. Ndama nimemfunika kwa gunia nyuma ya zizi. Mzike wewe.

Sikutaka kukulaumu kabla ya kuangalia. Nilianza na kifaa cha shingoni mwa Waridi. Betri ni nzima, na kilituma ishara alipoanza uchungu, tena na tena. Nikaenda dirishani kuangalia kipokezi, kile kinacholia ishara ikifika, hakipo. Nimekitoa ndani ya sanduku lako la bati, taa ikimetameta.

"Nilikificha wageni wa kanisa wasicheke," ukasema nilipokuuliza. "Na si kinawaka, Mama Lynn?"

Kinawaka, ndiyo. Lakini mawimbi ya kifaa cha shingoni ni hafifu makusudi, ili betri idumu, na hayapenyi bati. Nilikueleza siku nilipokiweka, ukaniita injinia wa YouTube mbele ya ndugu yako Kihara. Mkacheka. Waridi ameita usiku mzima, nami nimelala nikiamini kimya kile ni salama.

Lynn alikuwa ameahidiwa ndama huyo. Akitoka shule, mwambie wewe, na usiseme ni mtambo ulioharibika.

~~Nitarudi jioni.~~ Niko Subukia kwa mama. Usinipigie. Hata hivyo huwezi: simu yako nimeifungia sandukuni, na ufunguo ninao. Usijali, inawaka.

Mama Lynn