Karatasi za Kikole

Jumanne, baada ya alasiri. Jua limechoma tangu asubuhi na hakuna hata upepo wa kutikisa pazia. Nimejifungia chumbani, nimemwambia mke wangu kwamba naandika mambo ya chama. Siandiki mambo ya chama. Nakimbia uso wa shangazi yangu.

Yuko uani, namsikia akizungumza na mke wangu. Shangazi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Leo nimemdanganya mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa mbele za watu.

Nieleze tangu mwanzo, huenda nikajielewa.

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria unakaribia, na mgombea tunayemuunga mkono hana gari, hana duka, hana chochote isipokuwa ulimi wake na kanzu mbili. Lori la kukodi, petroli, chakula cha wasemaji, vyote vinatoka kwa halmashauri ya chama hapa mjini. Mimi ni katibu wa halmashauri hiyo. Mwenyekiti wetu, mzee anayeuza samaki wakavu, alisema mkono mtupu haulambwi, akanikabidhi kitabu cha stakabadhi pamoja na muhuri, akanituma vijijini nikachangishe.

Nilianzia Kikole kwa kuwa ndiko kwetu. Walitoa kuku, walitoa mtama na korosho, mama mmoja akatoa mkeka aliomsukia binti yake wa kuolewa. Kila aliyetoa nilimwandikia karatasi na kuigonga muhuri. Nilifanya kwa nia safi, asije mtu akasema katibu amekula kuku wa chama.

Ila kwetu karatasi yenye muhuri si kitu cha mchezo. Ukipoteza ya kodi, askari akija unalala ndani. Wazee wanazitunza ndani ya vipande vya mwanzi na kuzichomeka kwenye makuti ya paa, za miaka na miaka. Kwa hiyo zangu nazo walizipokea hivyo hivyo. Siku ya tatu nikamsikia mzee mmoja akimwambia jirani yake, "Hii ndiyo ya kupigia kura. Usiiloweshe."

Nilisikia vizuri kabisa. Nikajitia hamnazo.

Sheria niliijua. Anayeandikishwa kupiga kura awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na kipato kikubwa, au awe na cheo kinachotambulika. Kikole nzima hao ni jumbe na mwenye duka, basi. Lakini neno la yule mzee lilipoenea, waliotoa kuku mmoja wakarudi na wa pili ili mke naye apate karatasi yake. Wengine walinifuata njiani na vikapu. Niliporudi mjini halmashauri ilinisifu, na mimi nilipenda kusifiwa. Nalisema hapa kwa sababu sina pengine pa kulisemea.

Leo ilikuwa zamu yangu kukaa kibarazani bomani, kuwaangalia watu wetu wanavyoandikishwa. Saa nne hivi nikawaona wanakuja, watu kumi na mmoja, vumbi mpaka magotini. Wametembea tangu jana. Shangazi yuko mbele, kavaa kaniki mpya. Kila mmoja ameshika karatasi yangu.

Karani wa kuandikisha ni mtu wa Lindi, mpole, sina cha kumlaumu. Akaisoma ya shangazi, akaigeuza upande wa pili, akamwuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Shangazi akacheka, alidhani anataniwa. Akamwuliza kipato chake cha mwaka. Shangazi akamwonyesha muhuri kwa kidole, kisha akanigeukia.

"Baba, huyu hajui kuwa wewe ndiye uliyetuandikia? Mwambie."

Watu wote kumi na mmoja walikuwa wananitazama. Karani naye alinitazama, na nilimwona usoni kwamba ameshaelewa.

"Shangazi," nikasema, "hizi karatasi zina kasoro kidogo. Nitazishughulikia."

Wakanirudishia moja moja, kwa mikono miwili. Hakuna aliyenung'unika. Afadhali wangenitukana.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti, nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze. Aliendelea kupanga samaki wake. Akasema kura za walimu na makarani zinatutosha, na watu wa Kikole wametoa chakula, na chakula nacho ni kura. Walimu na makarani hao kila mmoja anapiga kura tatu, moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mhindi na moja kwa Mzungu, na akiacha moja zote zinaharibika. Ndiyo sheria. Msomi ana tatu kwa lazima, na waliowalisha wasemaji wetu muda wote huu hawana hata moja.

Kisha mwenyekiti akaniambia petroli inakaribia kwisha. Kesho lori linakwenda Kiranjeranje, na mimi ndiye wa kwenda. "Beba kitabu na muhuri," akasema. "Kule nako karatasi wanazipenda."

Nilifungua mdomo nikatae. Nikasema sawa.

Kazi ya serikali niliiacha kwa ajili ya chama, kurudi siwezi. Ila si hilo tu. Ningekuwa mtu wa tumbo tu, nafsi isingenisuta hivi. Mimi naamini. Naamini tutajitawala, na naamini kwamba bila lori na petroli tutabaki tunapigiana makelele barazani. Imani hiyo hiyo ndiyo inayonifunga mdomo. Sijui mtu hutoka vipi katika shimo la namna hii.

Tulipokaa kula mchana, shangazi akaniuliza kasoro yenyewe ni ipi. Nikamwambia muhuri haukukolea wino. Akatikisa kichwa, akamhurumia nani? Akanihurumia mimi, kwa kazi nyingi. Akasema wenzake wamefikia kwa jamaa zao huku mjini na kesho watarudi Kikole, lakini yeye atabaki mpaka karatasi zitengenezwe.

Halafu mke wangu, bila kujua lolote, akataja safari ya Kiranjeranje.

Shangazi akaacha kula. "Nitakwenda nawe," akasema. "Kule nina watu wa ukoo wangu. Wao huwaogopa wageni, lakini wakiniona mimi watatoa."

Sasa hivi amekuja mlangoni, anauliza lori linaondoka saa ngapi. Nimemwambia saa kumi na mbili asubuhi, na asichelewe.