Waya wa Nozeli Niliouamini

Mama yangu mpendwa,

Gari lako limewaka. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, hapa hapa uani kwetu Rumonge, kando ya mapipa yako ya mawese. Miaka mitatu limekaa pale, kuku wakitagia kiti cha nyuma, nami sijathubutu kufungua boneti. Nilipounga waya mmoja, nikaweka betri nyingine na esansi mpya tangini, likashika mara moja. Nikalizima haraka, nikakaa mchangani, nikalia.

Najua ungenicheka, fundi mzima kulilia gari. Lakini wewe mwenyewe ulilipenda kuliko sisi watoto wako. Ulilinunua likiwa kuukuu ili uache kubembeleza wenye magari wakubebee mawese kutoka Kigwena, na mimi nikajifunzia ufundi humo humo, nikikuharibia hiki na kile. Mimi nilikuwa nainama kwenye boneti, wewe unakaa kwenye usukani ukingoja niseme "piga". Hapo unazungusha ufunguo. Ulikuwa na sikio, mama. Mara nyingi uliijua kasoro kabla sijashika spana, kisha unakwenda sokoni kujigamba kwamba mwanao hashindwi na gari lolote. Watu waliniletea magari yao kwa sababu ya mdomo wako tu.

Sifa hizo ndizo zilizonilevya asubuhi ile.

Uliamka na maumivu ya kifua, jasho linakutiririka. Daktari alikuwa ameshatuonya kwamba yakirudi tusingoje, twende Bujumbura. Ukajikokota hadi garini, ukakaa kwenye usukani kwa mazoea. Nikasema piga. Stata ikazunguka vizuri, pampu ikavuma, lakini injini haikushika. Nikachomeka taa yangu ndogo ya kupimia kwenye nyaya za nozeli, zile zinazonyunyizia injini esansi. Ilitakiwa iwake na kuzima kila ukizungusha ufunguo. Haikuwaka hata kidogo, maana yake umeme haukuwa unafika. Nikabadilisha fyuzi, nikasema piga, ukapiga. Nikafuata waya kutoka upande wa pili, nikasema piga, ukapiga tena.

Basi dogo lililotoka Nyanza-Lac kwenda Bujumbura likasimama mbele ya geti letu. Konda alikuwa mteja wako, aliiona hali yako kutoka barabarani. Akasema siti ya mbele iko wazi. Nikamjibu nipewe dakika tano tu, namaliza. Akakutazama wewe. Nawe, pamoja na maumivu yale, ukamshukuru ukisema: "Muende tu, murakoze. Fundi yangu iko hapa."

Hukutaka niaibike mbele ya watu. Basi likaondoka, na zile dakika tano zikawa saa nzima. Niliposema piga mara ya mwisho, stata haikulia. Nikadhani betri imeisha. Mama, nilikwenda kuangalia betri kwanza, ndipo nikaja kukuangalia wewe.

Dada zangu walipofika niliwaambia esansi ilikosekana. Nani asingeamini? Siku zile magari yalikuwa yanalala foleni kituoni, na watu wazima wanatembea kwa miguu hadi mashambani. Kisha nikafyonza tangi kwa mpira mpaka mshale wa kipimo ukalala, ili uongo wangu uwe na ushahidi. Ladha ya esansi ilinikaa kinywani muda wote wa matanga.

Tangu hapo simkalishi mtu kwenye usukani. Gerejini nimetengeneza swichi ya kuzungushia stata nikiwa nimesimama mbele ya gari, na wateja wanadhani ni utaalamu. Ukweli ni kwamba nikisema "piga" nasikia ufunguo ukizunguka kabla mtu hajaugusa. Nimejiambia ni mawazo. Lakini kiti cha dereva cha gari lako huwa nakisukuma nyuma kila nikilifuta vumbi, na siku nyingine nakikuta kimesogea mbele, pale ulipokuwa ukikivuta kwa ajili ya miguu yako mifupi. Sijamwambia mtu. Naogopa, na siku nisipokikuta mbele naumia zaidi.

Kasoro nimeipata, na ni ya mkono wangu. Waya unaopeleka umeme kwenye nozeli unapita chini ya betri, na pale niliwahi kuuunga nilipokuwa na haraka, tukirudi na samaki wako kutoka Kabonga. Niliusokota kwa vidole, nikaufunga kipande cha tyubu ya baiskeli, nikikusudia kurudi kuuchomelea risasi. Sikurudi. Maji ya betri yakaingia. Kwa nje tyubu ilikuwa nzima, ndani shaba imebaki unga wa kijani. Asubuhi ile nilipapita pale mara tatu, sikupafungua, kwa sababu nilijua aliyepafunga ni mimi. Kuukata na kuuunga upya kumechukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Basi nikampigia Dada Zaina, mkubwa wetu, nikamwambia yote. Esansi ilikuwepo. Basi lilisimama, nikalikataa. Nikangoja anitukane. Akauliza neno moja tu: "Mama alisema nini mwisho?"

Nikamjibu kwamba hukusema kitu. Nimemdanganya mara ya pili, na ndiyo maana barua hii naiacha wazi, aisome. Ulitaka kusema. Kabla ya ile piga ya mwisho nilikuwa nimeinama, sikio liko kwenye relei, ile swichi ya umeme wa nozeli, nasikiliza kama inagonga. Ukaanza: "Mutoto yangu, sikia..." Nami nikakuinulia mkono bila hata kukutazama. Nikasema, "Nyamaza kidogo, mama, nisikie."

Ukanyamaza.

Pumzika, mama. Au ukitaka, sema. Injini nimeizima.

Mimi,
kitinda mimba wako