Waya wa Spika ya Kulia

Baba,

Shikamoo. Naanza na heshima kwa sababu ndivyo ulivyonilea, na kwa sababu sijui kama nikishaanza kusema nitaikumbuka. Watu husema marehemu hasemwi. Basi mimi sikusemi, nakwambia mwenyewe.

Juzi nilikwenda Ukunda kutafuta mapazia ya mtumba, yale yanayotoka hotelini. Chini ya rundo nikakuta santuri ndogo saba. Muuzaji, mama mmoja wa bara, akacheka. "Hizo sidii za kitambo? Beba tu, madam. Hakuna mtu huziulizia."

Ya nne ilikuwa yetu. Wimbo wa bendi yenu ya hotelini, lebo ile ile ya kijani. Tofauti ilikuwa neno moja tu: yetu ya nyumbani Msambweni imeandikwa stereo, na hii mono. Nikaichukua kwa ajili ya gitaa lako.

Unazikumbuka Ijumaa zetu, baada ya sala? Ulikuwa ukiifuta santuri kwa kipande cha kanzu kuukuu, kisha ukiniketisha mkekani mbele ya spika ya kushoto, maana ya kulia ulisema imekufa. "Sikiliza vidole vya babako," uliniambia. Nami nikasikiliza. Katikati ya wimbo gitaa lilikuwa likiitikia kitu nisichokisikia, nikadhani ndivyo wimbo ulivyo. Nilijivunia sana kuwa mwanao.

Mama alifariki nikiwa sijatambaa. Kila nilipokuuliza alikuwa na sauti gani, ulinijibu, "Ya kawaida tu, mwanangu." Nilipouliza kama imebaki mahali popote, ulisema hapana.

Basi nikaiweka ile mono kwenye gramafoni yako, na spika ile ile moja. Mwanamke akaanza kuimba. Shangazi Mwanasha, dada yako, alikuwa jikoni anakuna nazi, akatoka bila hata kunawa mikono.

"Huyo Mariamu," akasema. "Mamako huyo. Kwani hukuwahi kumsikia?"

Nikaipeleka gramafoni kwa fundi. Akanieleza kwamba santuri ya mono hutoa kila kitu katika kila spika, lakini ya stereo hugawa, na waliorekodi wimbo wenu walimweka mpiga gitaa kushoto na mwimbaji kulia. Kisha akaifungua spika uliyosema imekufa. Ilikuwa nzima. Waya wake ulikatwa kwa kisu, na ncha zikazungushiwa utepe vizuri.

"Huu haukukatika, mama," fundi akasema. "Umekatwa."

Kazi nadhifu, kama kazi zako zote. Njia ya mwongo ni fupi, uliniambia mara ngapi? Yako imenichukua karibu miaka hamsini kuimaliza.

Shangazi anakutetea. Anasema baada ya mazishi hukuweza kuistahimili sauti ile, kila ilipoanza ulitoka nje, na santuri yenyewe hukuweza kuitupa. Namwamini. Hata mimi imeniliza, nami simkumbuki. Lakini wewe ulimjua, Baba. Ulikuwa na mengi ya kukumbuka ukataka kuyasahau, na mimi sikuwa na hata moja. Kila Ijumaa niliketi hatua mbili kutoka kwa mama yangu, nawe ukaniacha nilisifie gitaa.

Kama ilikuuma, ungetoka ukakae barazani. Wimbo wenyewe ni dakika tatu. Ungeniacha naye.

Dua zako nitaendelea kuzisoma, usihofu. Kukusamehe bado, na sitasema uongo kwamba nimekwisha kusamehe; katika nyumba hii wa kudanganya alitosha mmoja. Lala salama, Baba.

Ni mimi,
binti ya Mariamu