Uso wa Bibi Kwenye Picha za Harusi

Jumanne, 29 Oktoba

Madaftari ya darasa la nne yamenimaliza. Nusu ya watoto wameandika Newala iko pwani. Jioni kikao cha kamati ya harusi yangu, kwa Mjomba Hilari. Yeye ndiye mwenyekiti, na kwetu huku mjomba akisema mtoto wa dada yake anaolewa hivi, ndivyo anavyoolewa. Tumepitisha chakula, mapambo, keki. Suala la mpiga picha limebaki kiporo. Namtaka Baba Sifa, yule mwenye studio Masasi. Mjomba anasema kumtoa mtu Masasi apande mlima mpaka huku Newala kwa ajili ya picha ni anasa, simu ziko kila mfuko. Nimeitikia kwa adabu, ila sijakubali.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya ibada nimepita kijijini kwa Bibi, mama yao Mjomba na Mama. Nimemsaidia kuokota korosho. Ndiye aliyenilea miaka yote Mama alipokuwa akiuza nguo Tandahimba.

Uso wa Bibi una nembo, ile mistari waliyokuwa wakichanjwa wasichana wa Kimakonde zamani. Mashavuni, kwenye paji, kidevuni, imekaa rangi ya bluu iliyokolea. Hajawahi kupigwa picha. Vijana wakimwelekezea simu anajifunika kitenge, anajua wanakwenda kumcheka. Hata kitambulisho cha taifa alikataa, akasema yeye hasafiri na wanaomtafuta wanajua nyumba.

Leo nimemwomba apigwe picha harusini. Kaniita mke mwenzake kama kawaida yake, kasema asipoonekana kwenye picha mume wetu atajuaje kaoa ukoo gani. Kisha akaacha utani.

"Nitakaa. Ila aje mtu wa kazi hiyo, anionyeshe pa kukaa. Na nembo zionekane. Siku nachanjwa sikulia, mwulize mdogo wangu."

Nimerudi mjini naimba peke yangu kwenye bodaboda.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpiga picha ameondolewa kwenye bajeti. Fungu lake limekwenda kwenye muziki, spika kubwa za kutoka Mtwara. Picha atapiga Festo, mtoto wa Mjomba, ana simu mpya. Nimeeleza habari ya Bibi. Mjomba kasema Festo ni mjukuu wa Bibi, atampiga vizuri kuliko mgeni. Kamati nzima ikaona ni busara.

Nikasema nitamlipa mwenyewe kwa mshahara wangu. Mjomba akasema namdhalilisha mbele za watu. Mama akanifinya mkono. Nimeacha. Nina hasira na kila mtu, Mama akiwemo.

Jumapili, 17 Novemba

Jana nimeolewa. Miguu inauma. Denis, mume wangu, bado amelala, na soksi.

Bibi alikuja na kitenge kipya. Alikaa kwenye kiti mbele ya kanisa, akasogeza kilemba nyuma mpaka paji likaonekana lote, akatulia. Festo alipiga nyingi. Sijawahi kumwona Bibi akiitazama kamera, tena kwa kiburi kile. Nililia. Mashangazi wakadhani nalilia kuondoka nyumbani.

Spika zilitupasua masikio. Hata hotuba ya baba mkwe haikusikika. Sijali. Bibi alikaa.

Jumatatu, 18 Novemba

Festo katuma picha. Kwanza nilicheka. Wote tumekuwa weupe, wote laini, Mjomba kawa kijana wa sekondari. Simu ina filta ya kulainisha ngozi.

Halafu nikafika kwa Bibi. Hakuna mstari hata mmoja. Paji tupu, mashavu tupu, kama yai. Ni mwanamke nisiyemjua aliyevaa kitenge cha Bibi.

Nimempigia Festo anitumie zile za mwanzo kabla hazijalainishwa. Hana. Kasema simu inahifadhi hiyo hiyo moja. "Dada, si nimewapendezesha?" Nilitaka kumtukana nikashindwa. Alidhani amempa Bibi zawadi.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimezungumza na Baba Sifa. Atapanda baada ya Krismasi, ampige Bibi nyumbani kwake, kwa utulivu.

Kisha nikampigia Bibi kwa simu ya jirani. Aliuliza jambo moja tu, nembo zimetoka? Nikasema zimetoka. Nikaongeza kwamba tutapiga nyingine ya nyumbani. Akasema moja inamtosha mtu, lakini kwa ajili yangu atakaa tena.

Nimejichukia mchana kutwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Shule zimefungwa. Nimehamia Masasi kwa Denis. Vyombo bado viko kwenye maboksi. Mama kapiga simu, Bibi ana homa, anakohoa, hataki kwenda hospitali. Nimemwomba ampeleke kwa lazima. Kasema hakuna mtu aliyewahi kumpeleka Bibi mahali kwa lazima. Kweli.

Ijumaa, 13 Desemba

Bibi amefariki alfajiri. Naandika kwenye gari tunapanda Newala, mwandiko unaruka. Denis kanishika bega.

Jumapili, 15 Desemba

Tumemzika jana.

Mjomba alikuwa ameichapisha ile picha ya Festo, kubwa, kwenye fremu ya dhahabu, ikawekwa kichwani pa jeneza. Bibi mdogo, mdogo wake Bibi tumbo moja, aliletwa akiongozwa kwa mkono. Akaitazama picha. Akauliza, "Na huyu naye kafa lini?"

Mjomba aliangalia chini. Festo alitoka, nikamsikia nyuma ya jiko analia kwa sauti. Nilitaka nimchukie zaidi, ikashindikana.

Kabla jeneza halijafungwa tulipita kumuaga. Uso ulikuwa wazi. Nembo zote zipo. Simu yangu ilikuwa mkononi, nikaifungua kamera. Kisha nikairudisha mkobani. Miaka yote aliwazuia watu wasimchukulie uso bila ridhaa yake, na jana hakuwa na mkono wa kuvuta kitenge. Sikuweza.

Mpaka sasa sijui kama nilifanya vema.

Jumatano, 8 Januari

Nimekwenda studio kwa Baba Sifa na picha ya Festo. Nilitaka azirudishe nembo kwa kompyuta. Kanipa pole, kanipa kiti. Nikamwuliza yeye angefanyaje siku ile. Kasema huwatafuta wazee kwanza, kabla ya keki, kabla ya bwana harusi. Anakaa nao, anawauliza wanapenda waonekane vipi, anangoja wamzoee. Picha anazihifadhi mahali pawili siku hiyo hiyo. Kanionyesha picha ya mzee aliyoipiga harusini, kijiji cha Chiungutwa. Kila kunyanzi lipo, mpaka uzi uliofumuka kwenye kofia. Ukimtazama unasikia kama atakuitikia shikamoo.

Hiyo ndiyo kazi tuliyoiita anasa.

Kisha akanipa karatasi na kalamu. "Nichoree zilivyokaa, Mwalimu, nami nizifuate."

Nikachora shavu la kulia. Nikasita. Kwenye paji ilikuwa mistari miwili au mitatu? Ncha zilitazama juu au chini? Huu ni uso nilioamka nao utoto wangu wote, ulionipulizia uji upoe. Sijui. Nilikaa na kalamu hewani kama mwanafunzi asiyesoma.

Baba Sifa akasema anaweza kubuni, ila zitakuwa nembo zake yeye, si za Bibi. Nikamwambia asiguse.

Jumamosi, 11 Januari

Nimepanda Newala. Nimewapa karatasi Mama na Mjomba, kila mtu pembe yake. Wamechora. Nikaziweka mezani pamoja na yangu. Wanawake watatu tofauti. Mama akasema tulikuwa tunaziona kila siku, nani angehesabu. Bibi mdogo naye akajipitisha kidole usoni, lakini akasema zake zilichanjwa na fundi mwingine, hazifanani.

Mjomba alivua kofia. "Mimi nilidhani picha ni picha," akasema. Sikuwahi kumsikia na sauti ndogo vile. Mdogo wangu Neema anaolewa mwaka huu, na Mjomba kasema Baba Sifa aitwe kwanza, mengine yafuate, hata kama tutacheza ngoma bila spika. Tukaitikia sote. Nimefurahi kwa ajili ya Neema. Nimeumia vilevile.

Jumapili, 26 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimemwota Bibi, mara ya kwanza tangu tumzike. Alikuwa amenipa mgongo, anapepeta mpunga, ananisimulia habari ya jirani, sauti yake ile ile. Nikamwita ageuke.

Akageuka na ule uso laini wa kwenye simu.

Denis kauliza mbona nimeamka mapema. Nimemwambia nataka kuwahi ibada, nikaenda kuchemsha maji.