Nilimwambia Nesi Kwamba Hunywi

Kaka Deo,

Nakuandikia kwa sababu haya nikikaa nayo peke yangu yananikaba. Ulezi wa mwaka huu tumeshavuna, ni mchache. Baiskeli yako hakuna anayeipanda. Na Mama ameanza dawa zile zile za kifua kikuu ulizokuwa unameza wewe. Msimamizi wake wa kumeza dawa ni mimi tena.

Unakumbuka siku ya kwanza pale zahanati? Nesi alikwambia, "Deo, pombe basi, mpaka umalize miezi yote sita. Dawa hizi zinavunjwa kwenye ini, na zikivunjwa hutokea sumu kidogo. Ini likiwa zima linaisafisha. Lakini pombe nayo inavunjwa hapo hapo, na ina sumu yake. Ukilibebesha vyote viwili, litaharibika." Ukaitikia, "Nimekuelewa, dada." Njiani ukacheka, ukasema ini la Mfipa limezoea.

Mwezi mzima ulijitahidi. Asubuhi zile za baridi ulijifunika blanketi la Mama, ukameza vidonge huku unanikunjia uso kama mtoto ili nicheke. Kisha Mama akapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kwa ajili ya watu waliokuja kutusaidia kuvuna, nawe ukachukua kikombe. Nikakukemea. Ukaniambia, "Kimoja tu, Stella. Nikishika jembe yote itatoka kwa jasho."

Jasho, kaka! Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini. Siku hizi najua jasho linatoa kidogo mno, kazi karibu yote ni ya ini, na huwezi kuliharakisha kwa jembe wala kwa maziwa.

Kikawa kikombe cha kila jioni. Nesi akaniuliza, "Hanywi?" Nikasema hanywi. Niliogopa angekugombeza mbele za watu. Mara ya pili nikasema hivyo hivyo.

Ukaanza kukataa ugali. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, nawe ukasema ni malaria. Asubuhi moja ulitoka uani, ukaniita nikutazame macho. Yalikuwa njano, Deo, njano kabisa. Tukapanda bodaboda kutoka Mpui mpaka hospitali Sumbawanga, wewe katikati, mimi nyuma nimekushika kiuno, na kila shimo barabarani ulikuwa unaguna.

Daktari akauliza kama unakunywa. Ukanitazama. Nikasema hapana. Hata pale, kaka. Hata pale!

Kesho yake nilimfuata kwenye korido nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alivua miwani, akasema dawa ameshazisimamisha tangu jana, ila ini limeharibika sana. Tungewahi wiki mbili nyuma, pengine lingepona. Siku ya nne hukunijua tena. Ulikuwa unaniita Mama.

Watu wakiuliza, Mama anasema ulikufa kwa malaria. Sijamsahihisha. Ningeanzaje kumwambia kwamba kikombe kilitoka kwenye chungu chake?

Tangu tukuzike naye anakunywa. Zamani alikuwa anaonja tu kujua kama pombe imeiva, unajua. Sasa asubuhi anameza vidonge, mchana amelewa, anakuita kwa jina lako la utotoni. Juzi nilimwaga chungu kizima. Akaenda kunywa kwa jirani. Aliporudi aliniambia kwa Kifipa kwamba nikimsema kwa nesi, nisimwite tena mama.

Jana alikataa ugali. Leo asubuhi nimemgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, nikamtazama macho. Nimejaribu kujidanganya kwamba ni usingizi, au ni moshi wa jikoni. Nimeshindwa. Vidonge vya leo sijampa. Nimempigia nesi simu, nikamwambia yote, ya Mama na ya kwako. Akasema, "Mlete sasa hivi." Mama alikuwa amekaa kitandani, amesikia kila neno. Amegeukia ukutani.

Deo, sina matumaini. Sidhani kama tumewahi, na tukiwa tumewahi, sidhani kama ataacha. Wala sidhani kama atanisamehe. Ila hili nakuahidi: popote watakaponiuliza habari zake, nitasema ukweli, hata akinikana mbele yao.

Pumzika, kaka yangu. Nisamehe. Bodaboda amefika, na Mama hataki kuvaa viatu. Ngoja nikamvalishe.

Mdogo wako,
Stella