Kufuli Yangu Kule Mwala

Jumamosi usiku

Na bado amenuna. Mama Mutheu, mwenye posho mill, kinu cha kusaga mahindi, kule Mwala, hata hakunisindikiza hadi kwa boda.

Mota ya umeme niliyomfungia leo imekaa vizuri, mkanda umenyooka. Kilichobaki ni waya wa ardhini, ule wa kubeba umeme ukivuja. Fimbo yake ya shaba, nikiipigilia chini, iligonga mwamba, ikapinda. Nikamwambia mashine haiwashwi mpaka Jumatatu, maduka yakifunguliwa ninunue nyingine.

"Na kesho Padri akija kubariki, atabariki chuma kimenyamaza? Nimealika jumuiya yote, Ndanu!"

Hapo ndipo niliposhtuka. Baraka zetu ni za maji. Padri atainyunyizia mota mpaka itiririke, kisha watamwomba aiwashe yeye mwenyewe, mkono ukiwa bado umelowa. Umeme ukivuja, utapitia wapi kama si kwake?

Nilizima swichi kubwa, nikaifunga kwa kufuli yangu, nikaondoka na ufunguo. Uko hapa mezani. Nilidhani ningelala.

Lakini Mama Mutheu amenipigia sasa hivi, sauti tamu kama uji wa asali. "Lala salama, mwanangu. Usijisumbue na ufunguo. Baba Mutheu ameazima msumeno wa chuma."

Nikaanza kumweleza tena, akakata. Nimepiga mara ngapi sijui. Simu imezimwa.

Basi nitatoka na boda ya kwanza, na nguo zangu za kanisa. Nitasimama mbele ya hiyo swichi, mgongo ukutani. Padri akifika, aanze kuninyunyizia mimi.